Pointi Mbili za Viwakilishi

Ansima,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari: sweta ziko chini ya sanduku, dawa ya malaria iko ndani ya soksi, karatasi za shule zisibanduke mwilini mwako mpaka ufike Kampala. Mimi sina la kuongeza hapo. Na hata ningekuwa nalo, mama yako asingenipa nafasi. Tangu asubuhi amelipanga na kulipangua sanduku lile mara nne, na kila nikichungulia ananiuliza kama nimepotea.

Sasa uko Munigi kumuaga shangazi yako. Nimeketi kwenye meza yangu ya kusahihishia, naandika kwenye karatasi za mtihani kwa sababu hakuna nyingine humu ndani. Kesho asubuhi utavuka mpaka kwa miguu ukapande basi ng'ambo, na kuna jambo nimekuficha kwa miaka mitatu. Linahusu mwaka ule uliorudia darasa la tano la sekondari, na linamhusu Madame Feza, mwalimu wako wa hesabu, ambaye mpaka leo ukikutana naye barabarani unageuza uso. Nitalisema lote kabla karatasi hizi hazijaisha. Ila mimi ni mwalimu, na mwalimu hana njia ya mkato; hata kuungama anataka kwanza aandike kichwa cha somo. Nivumilie.

Somo lenyewe unalijua. Kwa miaka ishirini na miwili, kila mwezi wa kumi, nimeandika ubaoni neno lile lile, Pronouns, na chini yake maelezo yale yale: viwakilishi ni maneno madogo yanayosimama mahali pa jina, ili jina lisirudiwe-rudiwe. Kisha aina zake. Za nafsi: I, you, he, she. Za kumiliki: mine, yours, ours. Za kuonyesha, za kuuliza, za kuunganisha maneno, za watu wasiojulikana, za mtu kujirudia mwenyewe, za watu kutendeana. Aina nane, kila moja na mfano wake, na mifano yenyewe sijawahi kuibadilisha. John is my friend. He is tall. Huyo John amekuwa mrefu kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mtoto hata mmoja wa mtaa wetu wa Ndosho aliyewahi kumwona.

Niliyapata haya kwa mwalimu wangu kule Walungu, naye aliyatoa kwenye daftari la mtu mwingine. Alitusimamisha juu ya benchi tukaimba: I, you, he, she, it, we, you, they. Aliyekosa aliteremshwa kwa sikio. Mimi sikukosa. Nilikuwa na sauti nzuri na kumbukumbu nzuri, na kwa watu wa kwetu hayo yalitosha mtoto kuitwa msomi. Nikakua nikidhani najua Kiingereza, mpaka siku wale wageni walipotembelea shule hii ninayofundisha. Mama mmoja wa Kizungu, mcheshi, akanisemesha mbele ya darasa. Nikajibu yes. Akauliza tena, nikajibu yes. Akauliza mara ya tatu, nikajibu yes kwa nguvu zaidi, na ndipo prefe, mkuu wetu wa shule, aliponinong'oneza kwamba mgeni ananiuliza jina langu.

Wewe ulikuwa darasa la tatu, umeketi benchi ya nyuma. Hukucheka. Wenzako walicheka wiki nzima, wewe hukucheka hata siku moja, na mimi badala ya kukushukuru nilikaa na hasira nawe kwa sababu uliona. Hasira ile sikuitupa. Niliiweka mahali, kama mtu anavyoweka msumari akijua ipo siku atauhitaji.

Lakini neno moja nililijua vizuri kabla sijaingia shule yoyote, nalo ni "sisi". Hilo nilifundishwa na babu yako. Alikuwa karani wa shamba la chai, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa bibi yako, aliyepewa na kaka zake. Jumapili moja tukarudi kutoka kanisani, tukakuta zizi tupu. Babu yako akasema, "Tumemuuza." Bibi yako akaweka kikapu chini akamwuliza, "Sisi na nani?" Nilikuwa na miaka tisa hivi, na niliona jinsi neno lile lilivyomsaidia baba yangu kupita mlangoni na kwenda kubadili shati kana kwamba hakuna lililotokea. Nilidhani ndivyo wanaume wanavyosema. Nikalichukua likawa langu, na nimelitumia kwa mama yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuandikia hapa. Tumehama Mapendo. Tumeacha kile kiwanja cha Bukavu. Tumeona afadhali usirudi tena kuuza vitambaa sokoni. Maskini mama yako alikuwa akisikia maamuzi yake mwenyewe kutoka kinywani mwangu.

Na mji huu nao ni mwalimu mwenzangu. Tangu vita viingie mpaka mitaani, umeona tunavyozungumza. "Balikuja." "Banani?" "Bale." Na mtu anatazama barabarani kwanza kabla ya kutamka hata hilo "bale", yaani wale. Kila mmoja analijua jina, hakuna anayelitaja. "Kuna mwenye alisema." "Kuna kitu kilifanyika." Watu wanafanya hivyo ili waishi, siwezi kuwalaumu, mimi mwenyewe darasani nasema "hawa" na "wale" kama kila mtu, na nikirudi nyumbani namshukuru Mungu. Lakini nikuambie kitu. Siku watu walipoanza kuficha majina, wengi ilibidi wajifunze, walijing'ata ulimi, walikosea wakajuta. Mimi sikupata shida hata kidogo. Nilikuwa nimezoea zamani.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Deliberasyon umeisikia tangu utotoni, ila hujawahi kuwa ndani. Mwisho wa mwaka walimu wote tunajifungia katika darasa moja, na prefe anasoma majina moja moja pamoja na pointi. Aliyepita anapita. Aliyekosa nyingi anaachwa. Kati yao kuna wale waliokosa moja, mbili, tatu, katika somo moja tu. Hapo prefe anamgeukia mwalimu wa somo hilo na kumwuliza kama atarepesha, yaani kama atamvua mtoto majini. Ni mwalimu huyo peke yake anayeweza. Wengine wanaweza kusihi, wanaweza hata kupiga meza, lakini hakuna awezaye kutoa pointi za somo la mwenzake. Akikubali, anachukua kalamu nyekundu, anafuta tarakimu, anaandika nyingine, anatia sahihi pembeni. Ni kazi ya dakika moja. Haina aibu yoyote; imefanyika tangu zamani, na wakubwa wengi wa mji huu walivuliwa hivyo hivyo na mtu.

Siku ile nilikuwa nimekwisha kuvua watoto watatu. Mmoja wao alikuwa ameandika kwamba baba yake ni she. Baba huyo ni mtu mkubwa mtaani kwetu, na mwanawe nilimpa pointi nne bila kuombwa mara mbili.

Kisha prefe akasoma jina lako. Ulikuwa umepita masomo yote. Hesabu ya Madame Feza ulikuwa wa pili darasani. Umekosa Kiingereza tu, somo la baba yako, pointi mbili kufika nusu. Swali la mwisho la mtihani lilikuwa lile la aina za viwakilishi, aina nane kwa pointi nane, nawe uliandika sita. Ulisahau zile za mtu kujirudia mwenyewe na zile za watu kutendeana. Karatasi yako niliisahihisha kwenye meza hii hii, wewe ukiwa jikoni unaosha vyombo, na sikukuambia kitu.

Prefe akacheka. "Prof, uyu ni mutoto yako. Utoe izo mbili tuendelee, njaa iko natuuma."

Nikasema hapana.

Walidhani natania. Madame Feza ndiye aliyeona kwanza kwamba sitanii, akasimama. "Prof, ule wa pointi ine umemupitisha sasa ivi, njo uyu wa mbili unamukatalia? Mutoto wa akili vile?"

Nikamwambia sheria ni sheria.

"Sheria gani? Ya kuua mutoto yako?"

Akamgeukia prefe, akawageukia wengine mmoja mmoja. Alisema kuliko mtu yeyote siku ile. Alisema ingekuwa hesabu angekupa kumi na kusaini kwa mikono miwili. Wenzangu wakaanza kukohoa na kutazama saa. Mwishowe akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Papa Ansima, niko nakuomba." Aliniita kwa jina lako, nami nikaendelea kutazama karatasi zangu. Prefe akangoja, akangoja tena, kisha akaandika kwamba utarudia mwaka.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza pia, na majibu niliyojipa mwanzoni yalikuwa mazuri sana. Nilijiambia wazazi wa Ndosho wanasema wana wa walimu hupitishwa na baba zao. Ni kweli walikuwa wakisema. Nilijiambia nataka usimame kwa miguu yako mwenyewe. Nilijiambia mwalimu asiyempendelea mwanawe ataheshimiwa, na kweli, tulipotoka prefe alinishika mkono akaniita mtu wa msimamo, nami nikatembea mpaka nyumbani nimevimba kichwa. Lakini chini ya hayo yote alikuwako yule mtoto wa benchi ya nyuma ambaye hakucheka. Ilikuwako aibu ya mwalimu wa Kiingereza ambaye mwanawe mwenyewe ameshindwa Kiingereza. Niliona heri niitwe mkali kuliko watu wajue kwamba sijui kufundisha. Nilikutoa wewe ili nibaki na jina, na jina lenyewe hata halikudumu. Mwaka uliofuata prefe alihamishwa, na wengine hawakukumbuka.

Nilipofika nyumbani ulikuwa umesimama mlangoni, mikono imelowa. "Papa, nimepita?"

Nikakuambia, "Wamekataa."

Nilikuwa nimetembea njia nzima nikitafuta namna ya kukuambia, na neno hilo lilikuja lenyewe, kama lilivyomjia babu yako. Ukauliza, "Bamekatala? Banani?" Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu, niseme ukweli. Mama yako alikuwa nyuma yako, naye anangoja. Nikasema, "Madame Feza ndiye aliyesema sana." Kisha nikaingia chumbani kubadili shati.

Ona ufundi wake. Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Alisema sana, chumba kizima kilimsikia. Yaliyobaki uliyamalizia mwenyewe, nami nikakaa kitandani nikikusikiliza unavyoyamalizia, unamwambia mama yako kwamba sikuzote ulijua mwanamke yule hakupendi.

Ulilia siku mbili, ya tatu ukaacha, na tangu hapo ukawa na adui. Ulimpita Madame Feza sokoni bila salamu. Ulimpita mlangoni mwa kanisa bila salamu. Wewe, uliyefundishwa kumsalimu hata kichaa wa njiani! Darasani, alipokuita ubaoni, ulikwenda, ukafanya hesabu sawasawa, ukaiweka chaki mezani ili usimpe mkononi. Mama yako alikukemea mpaka akachoka. Mimi nilisema, "Mwache, ana uchungu," na nikaonekana baba mwema. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimeitembea miaka mitatu kwa viatu vilivyopigwa kiwi.

Aliyeumia ni wewe. Wenzako walifanya mtihani wa serikali mji ukiwa bado na utulivu. Wewe ulifika darasa la sita mwaka ule milio iliposikika mpaka Ndosho, madarasa yakajaa watu waliokimbia makwao, na madawati yakawa kuni za kupikia watoto uji. Ukangoja shule ifunguliwe, ikafunguliwa, ikafungwa, ukangoja tena. Ulipofanya mtihani hatimaye, rafiki yako uliyeketi naye benchi moja alikuwa amekwisha kwenda Kampala, na huko unakokwenda utamkuta mbele yako kwa miaka miwili. Zile siku tulizolala sakafuni tukisikiliza, ulikuwa umelala kati yangu na mama yako, na nilikuwa nahesabu: kama ningeichukua ile kalamu, mtoto huyu sasa hivi angekuwa mbali. Ukanishika mkono gizani, ukadhani naogopa risasi.

Halafu mume wa Madame Feza akafa. Aliugua siku chache, kipindi kile dawa zilikuwa haba na njia hazipitiki, akafia nyumbani kwao Mapendo. Tulipojiandaa kwenda matanga ulikataa. "Siendi kulilia bwana ya mutu mwenye aliniharibia maisha." Mama yako aliinua mkono akupige, nawe ukamtazama tu, hukurudi nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nafunga vifungo vya koti. Nilifunga vyote, hata kile cha juu ambacho sikifungi.

Kule matangani Madame Feza alikuwa ameketi chini na wanawake wenzake. Nilipoinama kumpa pole akauliza, "Ansima iko wapi?" Nikasema unaumwa. Alinitazama, akasema, "Umupe pole." Mfiwa ndiye aliyekupa wewe pole, Ansima. Nilikwenda kuketi na wanaume kwenye viti vya plastiki, wakanipa soda, na mpaka tunaondoka ilikuwa imejaa vile vile.

Huko unakokwenda watakucheka kidogo mwanzoni. Utamwita daktari mwanamke he, utamwita mlinzi she, maana sisi tumekua na "yeye" mmoja anayewatosha wote. Cheka nao. Mimi nilishindwa kucheka siku ile ya yes, na angalia nilipofika. Utaona pia kwamba wenyewe huandika I kwa herufi kubwa, hata iwe katikati ya sentensi. Nilipokuwa kijana niliona ni majivuno ya Wazungu. Siku hizi nadhani tofauti: limesimama peke yake, refu, halina pa kujificha. La kwetu limo ndani ya kitenzi, ni silabi moja, na mtu akitaka analimeza bila wewe kumwona koo likicheza.

Unakwenda kusomea uuguzi. Ipo siku utachelewa na dawa ya mgonjwa, au utasahau jambo, kwa sababu umechoka na wewe ni binadamu. Ndugu wa mgonjwa watasimama mbele yako wanauliza. Wenzako watakuwa na maneno tayari: tulidhani, walisema, kuna mtu alipaswa. Sina haki ya kukufundisha la kufanya saa hiyo. Nakuambia tu ninachokijua kwa kukionja: kusema "ni mimi" papo hapo kunaumiza siku moja. Ukiuacha ukweli ukae, unaanza kupanga maisha ya nyumba nzima ili usikufikie. Nimechagua njia za kupita ili tusikutane na mwanamke yule. Nimebadili saa ya misa. Mama yako alidhani nimeanza kupenda misa ya alfajiri.

Wiki hii nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza nilianza na "Unajua, sisi walimu," nikaishia kukuuliza kama karatasi ya kuvukia mpaka iko tayari. Mara ya pili nilianza na "Kuna wakati mtu anaweza". Mtu! Someone, anybody, nobody: hao nao niliwafundisha miaka yote hiyo, watu wasio na uso, na mpaka dakika ya mwisho nilikuwa nawaita waje kunisaidia. Ukaniuliza, "Papa, unataka kusema nini?" Nikasema hakuna kitu, ukarudi kukunja nguo.

Kwa hiyo leo asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Mapendo. Nilimkuta Madame Feza uani anachambua maharagwe. Nilimwambia, bila kuketi, kwamba kesho unaondoka, na kwamba miaka mitatu iliyopita nilikuacha uamini ni yeye. Nilimwambia mimi nilikataa, mimi nilinyamaza, mimi nilikuja kwenye msiba wake na uongo mwingine mfukoni. Nilisema haraka, nikiogopa kwamba nikipumua nitaacha.

Hakuacha kuchambua. "Nilijua, Prof."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu juma ile ile. Mutoto alinipita pa soko, nikamuangalia nikasema: ee, Papa Ansima ameniweka pa fasi yake."

Nikamwuliza basi, kama alijua nimemweka mahali pangu, kwa nini hakukuita akakuambia ukweli. Alikuwa na haki, na chumba kizima cha mashahidi. Angeweza kukuambia siku ile ya kwanza, angeweza kukuambia matangani. Hapo aliinua uso, na sikuona hasira. Ingekuwa afadhali ningeiona. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno:

"Nimuambie nini? Papa yako njo mwenye alikukatala? Na mangaribi, ule mutoto atarudia mu nyumba ya nani? Nilisema afazali anichukie miye. Miye silale naye mu nyumba moja, hakule ku meza yangu. Lakini weye, kama angekuchukia weye, angeenda wapi?"

Akamimina maharagwe kwenye sufuria, akaniambia nikusalimie, akaingia ndani.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho mpakani, uvuke nayo, nami niwe nimekwisha kugeuka. Nikiwa juu ya pikipiki nikaona nilichokuwa nafanya: nimekutafutia mahali ambapo huwezi kunijibu, na ambapo Mapendo iko nyuma yako. Basi nitaiweka juu ya sanduku lako sasa hivi. Mama yako nimekwisha kumsomea yote niliyoandika mpaka hapa. Ameketi jikoni, hajaniambia neno, na sijui kama ataniambia. Ukirudi kutoka Munigi jua litakuwa bado juu. Madame Feza yuko nyumbani kwake. Nimempigia simu nikamwambia huenda ukaja, huenda usije, na hilo ni lako.

Sikuombi msamaha. Ukinisamehe leo nitajua umefanya haraka ili nisiaibike mbele ya mama yako, na sitaki tena unitunzie aibu yangu. Mwanamke yule alibeba chuki yako miaka mitatu ili wewe uwe na pa kulala, katika nyumba ya mtu aliyekutupa. Ilikuwa kazi yangu kukulinda, na akaifanya yeye, dhidi yangu.

Kesho utalala Kampala. Hutakula tena kwenye meza yangu. Nichukie sasa, mwanangu, kama unataka. Unapo pa kwenda.

Aliyekataa ni mimi,

Papa yako